Suti kavu Ziwa Tanganyika: nani anaihitaji, na kwa nini uanze kuichagua miguuni

Ukimwambia mtu wa Kigoma kwamba unatafuta suti kavu ya kuzamia, ile isiyoruhusu maji kugusa mwili, atakuuliza swali la haki kabisa: ya nini? Maji ya Ziwa Tanganyika huku juu yana nyuzijoto kati ya 24 na 28 karibu mwaka mzima. Watoto wa Kibirizi wanaoga humo wanavyotaka na hakuna anayetetemeka. Hata chini kabisa, kwenye mita 1,470 ambako hakuna mzamiaji wa mtungi atakayefika, joto linabaki kwenye nyuzi 23 hivi. Ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lakini baridi ya Baikal hatunayo.

Basi ukweli usemwe mapema. Anayezama kwa dakika 40 au 50 kuangalia samaki kwenye miamba, suti ya kawaida ya neoprini ya milimita 3 inamtosha, au milimita 5 kama ni mwepesi wa kusikia baridi. Suti hiyo inaruhusu maji kidogo kuingia, mwili unayapasha moto, na mpira wenye vipovu vya hewa unazuia joto lisikimbie. Ni rahisi kuvaa, haina vali na haina mengi ya kuharibika. Suti kavu bei yake ni mara kadhaa ya hiyo, na huwezi kuivaa leo ukaingia nayo majini leo bila kufundishwa. Anayekushawishi uinunue kwa ajili ya matembezi ya Jumapili pale Katonga, huyo anafanya biashara yake.

Wapo hata hivyo wanaoihitaji kweli. Wa kwanza ni mtu wa kazi: anayekagua nguzo za gati, anayekata nyavu zilizonasa kwenye pangaboi la boti, anayetafuta mwili wa aliyezama, anayeshika samaki wa mapambo wa kuuza nje. Huyu hakai majini dakika 40. Anashuka, anapanda, anashuka tena, siku nzima. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayozidi ya hewa kwa zaidi ya mara 20, kwa hiyo maji ya nyuzi 26, ambayo kwa muogaji ni raha, yakimkumbatia kwa saa tatu mtu mwenye mwili wa nyuzi 37 yatamtoa meno yanagongana. Ukimwongezea upepo wa kusi wa Juni au Julai akiwa amekaa juu ya boti na suti iliyolowa, hali inakuwa mbaya zaidi juu ya maji kuliko ndani yake.

Wa pili ni anayezama kwenye maji machafu. Maji ya bandarini, penye dizeli na takataka za mitaro inayomiminika mvua ikinyesha, si ya kulowesha ngozi. Kuna kichocho pia, hasa kwenye maeneo yaliyotulia yenye majani, wanakoishi konokono wanaokibeba. Vijidudu vyake hupenya ngozi, na kwa ngozi iliyofunikwa vikavu havina pa kupita. Tahadhari hapa: suti peke yake huacha kichwa na viganja nje. Kinga ikamilike, zinahitajika glavu kavu, kofia, na barakoa inayofunika uso mzima. Kuhusu mamba, suti yoyote ni sawa na fulana.

Wa tatu ni anayejifunzia hapa ili akafanye kazi kwingine. Upande wa Atlantiki wa Cape Town maji huteremka hadi nyuzi 10 hadi 14, na kazi nyingi za kuzamia za kulipwa ziko kwenye bahari za namna hiyo.

Kinachokupa joto si suti

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Suti kavu nyingi hazina joto lolote ndani yake. Kazi ya suti ni kuzuia maji tu. Joto linatunzwa na hewa iliyotuama ndani ya nguo unazovaa chini yake. Kwa hiyo unapochagua suti unachagua vitu viwili: ganda la nje na nguo za ndani. Ukishapata ganda zuri, unaweza kulivalia nguo nyembamba Kigoma na nene Cape Town.

Nguo za ndani zisiwe za pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na nguo mbichi haitunzi joto. Tafuta poliesta, sufi, au yale masweta mepesi ya manyoya bandia yaliyojaa kwenye marobota ya mitumba. Kwa ziwa letu, suruali na fulana nyembamba ya poliesta ya mikono mirefu inatosha kwa wengi. Hatari ya Kigoma ni joto, kwa kweli: ukishafunga zipu juani saa saba mchana, jasho halina pa kwenda, na mtu anaweza kuzidiwa kabla hajagusa maji. Mzoefu huvaa hadi kiunoni, huandaa mtungi na vifaa vyote kivulini, na hufunga zipu akiwa tayari kuingia.

Hewa hiyo iliyo ndani inatawaliwa. Unaposhuka, shinikizo la maji linaibana. Usipoongeza, suti inakukaza na mikunjo yake inafinya ngozi hadi kuacha michirizi myekundu. Ndiyo maana kifuani kuna vali iliyounganishwa kwa mpira na mtungi wako: unabonyeza, hewa inaingia. Kwenye mkono wa kushoto, juu karibu na bega, kuna vali ya kutolea. Unapopanda, hewa inapanuka na lazima itoke kwa mpangilio, la sivyo utafyatuka kama boya lililokatika kamba.

Vitabu vya mafunzo huhesabu kwamba baharini, kwenye mita 10, hewa hubanwa ikawa nusu. Kwetu hesabu si hiyo. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyo juu ya maji ina shinikizo la kama asilimia 91 ya lile la pwani, na maji hayana chumvi. Hewa yako itakuwa nusu kwenye mita 9.4 hivi. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mafunzo mengi huhesabu kila uzamiaji wa juu ya mita 300 kuwa ni wa mwinuko, wenye ratiba zake za kupanda. Kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi iwekwe kwenye mwinuko huo na kwenye maji yasiyo na chumvi kabla ya kuingia. Risasi za mkanda, yaani uzito wa kumsaidia mzamiaji kuzama, nazo zinapungua: mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake vyote ana kilo 100 anahitaji kama kilo 2 na nusu pungufu ya zile alizokuwa akivaa Zanzibar.

Ganda la nje

Kuna familia tatu. Ya kwanza ni kitambaa cha tabaka tatu: nailoni nje, mpira katikati, poliesta ndani. Ni chepesi, kinakauka upesi na kinakunjika kwenye begi la basi, lakini hakinyumbuki, kwa hiyo vipimo vya mwili lazima viwe sahihi. Ya pili ni neoprini. Hii ina joto lake yenyewe na inanyumbuka vizuri, ila ukishuka vipovu vyake vinabanwa, joto linapungua, na suti inapoteza uwezo wake wa kuelea. Zipo zilizobanwa tangu kiwandani ili zisibadilike sana. Ni ngumu kuchakaa, lakini nzito. Ya tatu ni mpira mzito uliopikwa, unaotumiwa sana na wazamiaji wa maji machafu kwa sababu uchafu haushiki juu yake: unaisugua kwa sabuni, unaisuuza, basi.

Kwa Kigoma sioni sababu ya neoprini. Joto lake la ziada ni mzigo. Kitambaa cha tabaka tatu ndicho jibu kwa wengi, na mpira uliopikwa kwa wa bandarini. Yaliyobaki ni rangi na idadi ya mifuko.

Miguu

Watu hutumia wiki nzima kulinganisha vitambaa na zipu, kisha suala la miguu wanalimaliza kwa kutaja namba ya kiatu. Ingefaa kuwa kinyume, kwa sababu miguuni ndiko suti inakoharibika haraka, na ndiko hatari yake kubwa inakoanzia.

Hewa siku zote hukimbilia juu. Ukiinama kichwa chini kuchungulia chini ya jiwe, miguu ikawa juu, hewa ya suti inahamia miguuni. Vali ya kutolea iko begani, na bega sasa liko chini kuliko hewa. Haina cha kutoa. Kama buti ni pana, linajaa hewa, kisigino kinachomoka ndani yake, pezi la kuogelea linalovaliwa mguuni linaponyoka. Sasa umening'inia kichwa chini, huna pezi, unaanza kupanda miguu ikitangulia, na kila mita unayopanda hewa inapanuka zaidi. Dawa yake inafundishwa na inafanyiwa mazoezi kwenye kina kifupi: unavuta magoti kifuani, unajipindua kwa nguvu hadi ukae wima, unanyanyua bega la kushoto na kuachia hewa. Lakini ukiwa na buti linalobana vizuri kwenye kifundo, hewa haipati nafasi ya kukusanyika kwa wingi hivyo, na tatizo linakufa kabla halijazaliwa.

Suti huja na miguu ya namna mbili. Kuna yenye buti lililounganishwa nayo moja kwa moja, lenye soli ngumu. Unaingiza mguu, umemaliza. Na kuna yenye soksi tu isiyopitisha maji, ya neoprini, ya lateksi au ya kitambaa kilekile cha suti, ambayo juu yake unavaa buti la kujitegemea lenye kamba au mikanda.

Buti lililounganishwa lina raha ya haraka, lakini ukubwa wake ndio huo huo, huwezi kulikaza. Wakitengeneza pana ili liingie soksi nene, basi siku ya soksi nyembamba mguu unaogelea ndani yake. Soli ikitoboka au ikibanduka, suti yote inakwenda kwa fundi. Na kulikausha ndani ni shughuli, maana jasho linatuama kwenye vidole.

Buti la kujitegemea unalikaza unavyotaka, na kamba zikishafungwa hadi juu ya kifundo, hewa haina pa kuvimbia. Likichakaa unanunua jingine bila kugusa suti. Kasoro yake ni mchanga. Fukwe zetu zina changarawe, na kokoto moja ikiingia kati ya soksi na buti inasaga mshono wa soksi kila hatua, mpaka itoboe. Kabla ya kuvaa, geuza buti, likung'ute, pitisha kidole ndani mpaka mwisho. Ukishavaa, usitembee na soksi tupu hata hatua mbili kutoka kwenye gari.

Angalia pia unapoingilia majini. Sehemu kubwa ya kingo za hapa ni mawe ya mviringo yenye utelezi, na unayakanyaga ukiwa na mtungi wa kilo 15 na ushee mgongoni. Pale unataka soli nene yenye meno na kifundo kilichoshikwa. Ukiruka kutoka kwenye boti ya mbao, soli si muhimu sana, na buti jepesi linafaa zaidi kwa kupiga mapezi. Kwa mzamiaji wa kawaida wa Kigoma ningechagua soksi na buti la kamba bila kusita. Kwa wa bandarini ningegeuza kauli: kati ya soksi na buti maji machafu yanabaki, ilhali buti lililounganishwa la mpira halina pa kuyaficha.

Kujaribu kunafanywa kwa utaratibu huu. Kaa kwenye kiti, vaa soksi zile zile utakazozamia nazo, kisha soksi ya suti, kisha buti, ulikaze. Simama. Vidole vicheze bila kugusa mbele. Vikibanwa damu haifiki, na mguu utakuwa wa baridi hata ukiuvalia soksi tatu. Sasa panda juu ya ncha za vidole: kisigino kikiachana na soli na kupanda, buti ni kubwa. Chuchumaa. Kitambaa kisivute kwenye goti wala kukukata kwenye mapaja. Piga goti moja, kisha jaribu kufikia vali ya mtungi nyuma ya shingo kwa mkono mmoja. Mwisho, na hapa wengi hawafiki, vaa pezi.

Pezi lazima lijaribiwe pamoja na buti. Buti la suti kavu ni pana kuliko kiatu cha kawaida cha kuzamia, na mapezi uliyokuwa nayo huenda yasiingie kabisa. Yanayovaliwa mguu mtupu, yenye mfuko uliofungwa kisigino, yasahau. Unataka ya kisigino wazi, na ikiwezekana yenye mkanda wa springi, kwa sababu buti hubanwa ukiwa chini na kupanuka ukiwa juu, na springi inafuata mabadiliko hayo bila kulegea. Mfuko wa pezi ukifunika buti hadi usawa wa katikati ya unyayo, uko vizuri. Ukiishia kwenye vidole tu, pezi litakutoka.

Wengine huongeza vyuma vidogo vya nusu kilo kwenye vifundo ili miguu isielee. Vinasaidia, siwezi kukataa, lakini mara nyingi vimewekwa kutibu buti lisiloenea. Na kila teke unalopiga unabeba uzito huo mbele na nyuma, kwa hiyo hewa ya mtungi inaisha mapema. Rekebisha buti na mpangilio wa risasi kwanza.

Jambo moja zaidi la miguu. Ukitoka majini na soksi zimelowa, usikimbilie kulaumu miguu ya suti. Maji yakiingia shingoni au kwenye kifundo cha mkono huteremka mpaka chini na kukusanyika kwenye vidole. Pima: ziba mikono kwa chupa za plastiki, ziba shingo kwa mpira wa miguu wa mtoto, jaza suti hewa kwa vali ya kifuani iwe imetuna kiasi, kisha pitisha brashi yenye maji ya sabuni juu ya mishono, ukianzia unyayoni. Penye tundu patatoa povu. Zungushia kalamu, acha pakauke, kisha weka kwa ndani gundi inayofaa aina ya suti yako.

Shingo, mikono na mafuta ya mawese

Maji huzuiwa shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa pete laini za lateksi, silikoni au neoprini. Lateksi hushika vizuri na ni rahisi kubadilisha. Silikoni ni laini zaidi na inamfaa asiyepatana na lateksi, lakini haishiki gundi ya kawaida, kwa hiyo hukaa kwenye pete ngumu maalumu. Neoprini hudumu, ila ikilegea ndiyo basi.

Lateksi ina maadui wawili, na Kigoma tunao wote: jua na mafuta. Mafuta ya kujipaka, ya mgando au ya maji, yanaila polepole hadi inanata kama ubani uliotafunwa. Mawese nayo vilevile, kwa hiyo mikono iliyotoka kula samaki wa kupakwa mawese ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa suti. Kinachotakiwa ni poda isiyo na manukato. Hereni zivuliwe, kucha ndefu zikatwe, na mwenye misuko avae soksi ya nailoni kichwani ili nywele zipite bila kuchana. Shingo mpya huwa inakaba. Ikikutia kizunguzungu, inapunguzwa kwa mkasi mkali, pete moja kwa wakati, kwa sababu ukishakata hurudishi.

Zipu ndiyo kitu cha gharama zaidi kwenye suti nzima. Haishonwi na fundi cherehani, na ya chuma ikikunjwa vibaya mara moja inaweza kuvunjika meno. Suti iliyotumika ukiletewa, anza nayo: ipinde taratibu na tazama kama kuna meno yaliyoachana au kitambaa kilichoanza kuchanika pembeni. Zipu mbovu hufuta punguzo lote la bei ya mtumba. Zile za chuma hupakwa nta kwa nje. Ya nyuki, ambayo hapa na Tabora haijawahi kuwa adimu, inafaa.

Ukiagiza kutoka nje, usipeleke namba ya kiatu. Namba 8 ya Uingereza, 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani zinachanganywa na wauzaji kila siku. Simamisha mguu juu ya karatasi ukiwa na soksi za kuzamia, chora, pima kwa sentimita kutoka kisigino hadi kidole kirefu na upana wa sehemu pana, miguu yote miwili, maana mara nyingi haifanani. Peleka vipimo vya mguu mkubwa. Omba pia waongeze pete mbili za shingo na mbili za mikono kwenye kifurushi hicho hicho, na uzihifadhi ndani, gizani, mbali na jiko na dirisha.